Maziwa ya Mukamazimpaka

Mimi nina hasira za karibu, na mtaa mzima wa Himbi unalijua hilo. Nimewahi kumkimbiza dereva wa pikipiki na spana mkononi, kutoka barabara ya ziwani hadi mlangoni mwa kanisa, kwa sababu alinigonga gurudumu na hakusema pole. Lakini siku niliyotakiwa kufungua mdomo, nilinyamaza. Ndiyo maana naandika. Sitafuti huruma ya mtu.

Tulikuwa wawili, mimi Kahindo na kaka yangu Grégoire. Tulikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli kando ya kuta za mashirika ya misaada. Goma baiskeli ni punda: hubeba viazi, makaa, magodoro. Ukiipanda mtupu watu wanakuuliza mzigo umeuangusha wapi. Wazungu wa mashirika ndio waliokuwa wakipanda zao kwenda kutazama milima tu, na Grégoire akaambukizwa ugonjwa huo. Mmoja wao alipohamishwa alimwachia baiskeli mbili za milimani. Basi kaka yangu akanunua ramani, akaibandika ukutani, akachora mzunguko kwa kalamu nyekundu: Goma, Sake, Mushaki, Kitchanga, Kiwanja, Kibati, nyumbani.

"Siku tano," alisema. "Tunalala kwa batu, tunakula kwa batu, tunaona inchi yetu."

Nikamjibu kwamba nchi yetu inatuona sisi kila mara waasi wanapopita, inatosha. Akacheka tu. Miaka mitatu ramani ilikaa ukutani ikila vumbi.

Kucheka huko kulikuwa kwa bure, maana hiyo "kula kwa watu" Grégoire hakuiweza. Chakula kilichotoka chunguni mbele ya macho yake, sawa. Kinywaji cha chombo cha wazi, hapana. Mdogo wetu Guylain alikunywa bia ya ndizi arusini, akaumwa tumbo, baada ya wiki tatu tukamzika. Daktari alisema ini. Mama yetu, Apolline, alisema sumu, na tangu siku hiyo akatufundisha wimbo mmoja: wauaji huficha sumu chini ya ukucha wa kidole gumba, wakikupa kikombe wanatumbukiza kidole. Mwenyeji kuonja kwanza si kitu, alisema, maana anaonja kabla ya kutumbukiza. Mimi sikuamini. Grégoire aliamini kama anavyoamini Baba Yetu.

Jumamosi moja ya Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Anga ya kaskazini iliwaka kama jiko lililopulizwa. Nyumba ya Mama kule Buhene ilimezwa na lava pamoja na kabati, picha ya Guylain na mbuzi watatu waliokuwa wamefungwa kamba. Tulikimbilia huko tukachelewa; tuliwasikia wale mbuzi tu. Mama mwenyewe alikuwa Kiwanja kwenye biashara yake ya maharagwe, na hilo ndilo lililomwokoa. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, mchana na usiku, hadi ukuta wa kibanda chetu ukaanguka juu ya mteja na kumvunja mguu. Alhamisi serikali ikatangaza redioni: tokeni mjini.

Mama akapiga simu. Barabara ya Kibati ilikuwa imekatwa na lava, asingeweza kutufikia. Akaomba kuongea na mimi peke yangu.

"Kahindo, Guylain nilimupoteza. Ni Grégoire tu ananibakia. Unifikishie yeye."

"Nitamufikisha, Mama."

Nilipogeuka, Grégoire alikuwa ameshabandua ramani. Njia ya kaskazini imefungwa, alisema, kwa hiyo Kiwanja inafikika kwa kuzunguka magharibi, juu ya milima. Ule mzunguko wake mwekundu. Alikuwa na aibu ya kufurahi, nikaiona, na sikumlaumu.

Barabara ya Sake ilikuwa imejaa watu hadi pembeni. Karibu na Mugunga umati ulikuwa umemzunguka kijana mmoja anayedaiwa kuiba godoro la mgonjwa. Walimpiga kwa mawe ya volkano, yale yenye meno, hadi sura yake ikapotea. Godoro lilikuwa hapo hapo kando, limelowa damu, wala hakuna aliyelichukua tena. Grégoire alifunga breki.

"Pita," nikamwambia. "Pita, ama nitakupiga mimi."

Tukapita. Gurudumu langu lilikanyaga kitu kidogo kigumu, nikajiambia ni jiwe.

Baada ya Sake barabara inapanda, na huko juu mambo yakawa mengine kabisa. Mushaki watoto walitusukuma mlimani kwa vicheko, wakiuliza kama mwanamke anaruhusiwa kupanda baiskeli yenye gia. Familia moja ilitupa kitanda cha wazazi, wazazi wenyewe wakalala chini. Siku ya pili mama mmoja alitusimamisha barabarani kutupa jibini zima, akakasirika tulipotaka kulipa. "Ninyi muko na volkano," alisema, "mie niko na ngombe." Vilima vilikuwa kijani mpaka vinaumiza macho. Grégoire alikula viazi vya kila nyumba, akakataa kila kikombe kwa adabu, akanywa maji ya chupa yetu. Mimi nilikunywa sehemu yangu na yake. Nilikuwa na furaha, naikiri, siku sita tu baada ya nyumba ya Mama kuungua.

Siku ya tatu, upande wa Kitchanga, mvua ikatupiga na mnyororo wangu ukakatika. Tulikuwa tunasukuma baiskeli kwenye tope sauti ilipotuita kutoka nyuma ya ua wa miti. Alikuwa mzee mrefu, kofia mkononi, mvua ikimwingia kichwani.

"Batoto, munaenda wapi na hii mvua? Ingieni."

Jina lake Nzabonimpa, mfugaji. Mke wake, Mukamazimpaka, alikuwa mfupi, mwenye macho ya utani, na mikono iliyopindwa na baridi yabisi hata vidole havikunjuki. Aliponiona nimelowa alinivua koti mwenyewe kama mtoto wake, akanikalisha karibu na moto. Alipompa Grégoire maziwa, Grégoire akasema ameshiba. Mukamazimpaka akamtazama.

"Mugeni mwenye kushiba kabla ya kula," alisema, akacheka. "Basi asubui."

Walituhadithia mambo tukiwa tunakausha soksi. Juu ya kilima kulikuwa na watu wa bunduki. Kiongozi wao, waliyemwita Komanda Radi, jina lake la nyumbani lilikuwa Faustin, mtoto wa kilima hicho hicho. Mama yake aliuawa katika vita ya zamani akiwa bado ananyonyesha, na Mukamazimpaka ndiye aliyemlea kwa maziwa, kwa chombo cha mti kile kile kilichokuwa kimetundikwa ukutani juu ya vichwa vyetu. Sasa kila siku ya tatu alituma watu kuchukua maziwa yote ya asubuhi.

"Kesho ni siku yao," Nzabonimpa alisema. "Lakini mugeni anakunywa wa kwanza. Mutakunywa, mutaenda, bale batafika nyuma yenu."

"Na bakikuta imepunguka?" niliuliza.

"Ngombe haitoe kila siku sawasawa."

Kisha akatueleza sheria ya ua wake, akiwa anachokoa moto. Watu wawili waliokunywa maziwa ya ua mmoja wamekuwa ndugu. Mmoja hawezi kumwaga damu ya mwingine. Akimwaga, mkono wake utakauka. Ndiyo maana Faustin, pamoja na ubaya wake wote, hakuwa amemgusa mtu yeyote wa nyumba hiyo. Alivaa hirizi tatu shingoni, alisema mzee, na aliogopa chombo kile kuliko kitu chochote.

Asubuhi ilikuwa safi. Mukamazimpaka alisimama katikati ya ua na chombo, mvuke ukipanda kutoka kwenye maziwa. Akaonja kwanza, akameza, akanipa. Nilikunywa hadi mwisho, na sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo. Akajaza tena, akaonja, akampa Grégoire. Vidole vyake vilivyopinda havikuweza kushika chombo kwa nje. Kidole gumba kilikuwa kimening'inia ndani ya ukingo, kinagusa povu.

Nikaona uso wa kaka yangu unabadilika. Mukamazimpaka akageuka kumfungua ndama. Grégoire akapiga hatua tatu hadi kwenye ua wa miti, akainamisha chombo, akamwaga yote chini. Haikuchukua hata pumzi mbili. Akarudi, akajifuta midomo iliyokuwa mikavu.

"Aksanti, mama."

Mukamazimpaka akapokea chombo. Akatazama ndani, akatazama midomo yake, kisha akatazama kiatu cha kushoto cha Grégoire. Juu ya kiatu kulikuwa na tone jeupe.

"Ilikutosha?"

"Ilinitosha, mama."

Niliwaka kwa aibu. Nilitaka kumkamata Grégoire shingoni nimlambishe yale matope. Nikajiambia: tukifika barabarani atanitambua. Hatukufika barabarani, maana mbwa alibweka na watu saba wakaingia kwa bunduki na mapanga. Walikuja mapema siku hiyo.

Faustin alikuwa na umri wangu, amevaa buti za mpira, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimwamkia Mukamazimpaka kwa heshima, akainama kabisa. Halafu akaona baiskeli. Mmoja wao akachana begi letu kwa panga, na ramani ikaanguka.

"Hii njia nyekundu ni ya nini?"

"Ni ya kutembea, Komanda," Grégoire akasema. "Tunatembea tu. Tunaangalia milima."

Walicheka wote saba. Faustin hakucheka sana.

"Volkano inachoma muji yenu, na ninyi munaangalia milima? Nani anabatuma? Mulipata ngapi?"

Kweli yetu ilikuwa inanuka uongo, hata mimi niliisikia. Kitako cha bunduki kikampiga Grégoire mdomoni. Alianguka, akatema jino na damu, wakampiga tena mbavuni. Hasira ikanipanda, nikamrukia aliyempiga, nikamng'ata mkono hadi nikasikia ladha ya chumvi. Panga lilinishukia kichwani kwa ubavu wake. Nilipopata kuona tena nilikuwa chini, sikio linavuma, na kaka yangu amepigishwa magoti katikati ya ua, mtutu kisogoni.

"Faustin," Mukamazimpaka akaita.

Hakumwita Komanda. Alitembea polepole hadi mbele yake, na chombo kitupu mikononi.

"Hawa bamekunywa maziwa yangu. Bote mbili. Na weye ulikunywa. Utafanya nini sasa?"

Faustin akashika hirizi zake bila kujua anazishika. Akaniuliza mimi kwanza.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

Akamgeukia Grégoire. "Na weye?"

"Nilikunywa," kaka yangu akasema, damu ikimchuruzika kidevuni.

Mtutu ulianza kushuka. Naapa ulikuwa umeanza kushuka. Ndipo yule niliyemng'ata, aliyekuwa amesimama pembeni akifunga mkono wake, akaita kutoka kwenye ua wa miti.

"Komanda, kuja uone."

Chini ya miti udongo ulikuwa na doa jeupe, pana kama sinia. Mbwa alikuwa analilamba. Faustin akalitazama muda mrefu. Kumwaga maziwa kwa makusudi, kwa watu wa kilima kile, ni zaidi ya kutukana mtu. Nilikuwa silijui hilo vizuri. Nililijua kwa namna Nzabonimpa alivyofumba macho.

"Nani alimwaga?"

Sote tulikuwa hapo. Mimi nilijua. Ningesema "ni mimi," pengine ningekufa mimi. Ningesema kweli, angekufa Grégoire. Nilimwona Mama na simu sikioni, nikasikia "unifikishie," na ulimi wangu, huu ulimi unaotukana madereva, ukalala mdomoni kama maiti. Grégoire alikuwa anatazama udongo. Naye hakusema.

"Ni mie," Mukamazimpaka akasema.

"Weye?"

"Mie. Bageni nilibapatia yao, bakakunywa. Ile nilimwaga ni yenu. Nilisema afazali udongo ikunywe, kuliko ninyi."

Alisema hivyo akiwa amemtazama machoni, na lile tabasamu la utani halikuwa mbali. Alikuwa amejua tangu alipoona kiatu. Alichagua uongo mmoja tu ambao ungemwacha Grégoire abaki mgeni wake.

Uso wa Faustin ulikunjamana kama wa mtoto aliyechapwa. Nilidhani atalia. Akarudi nyuma hatua mbili, akafuta mikono kwenye suruali, kisha akamwita yule niliyemng'ata.

"Weye unatoka mbali. Weye hujakunywa hapa hata siku moya."

"Bado, Komanda."

"Basi."

Akageuka akatupa mgongo. Risasi ilikuwa moja. Mukamazimpaka aliketi chini kwanza, kama mtu aliyechoka, halafu akalala. Chombo kilibingirika hadi mguuni kwa mume wake. Nzabonimpa alipiga magoti, akaweka kichwa cha mkewe mapajani, na damu ikamlowesha hadi kwenye kofia aliyokuwa ameiweka chini. Hakulia kwa sauti. Mimi ndiye niliyepiga mayowe, sasa, wakati mayowe hayana kazi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Walichukua ng'ombe watano na baiskeli ya Grégoire. Ramani waliitia moto. Waliacha ng'ombe mmoja mzee, mwenye jicho moja, hawakumwona wa maana. Faustin alipita karibu na kaka yangu bila kumtazama.

"Mugeni wa huyu mama haufe hapa," alisema. "Lakini jua isibakute kwenye hii kilima."

Walipokwisha kupotea mlimani tulimsaidia mzee kumwingiza mkewe ndani na kumfunika blanketi, lile tulilojifunika usiku. Nilimwambia tutabaki tuchimbe kaburi. Akakataa. Majirani watakuja, alisema, ninyi mmeambiwa mwende. Kisha akatoka, akachota maji, akaosha kile chombo, nje na ndani, mara mbili. Akamwendea yule ng'ombe mwenye jicho moja, akachuchumaa, akaanza kukamua. Mikono yake ilikuwa bado na damu ya mkewe kwenye mikunjo. Nikadhani akili imemtoka.

"Twende," akasema. "Mugeni anasindikizwa."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliukumbuka msemo huo njia nzima, na kila hatua nilitaka kuutapika. Nilisukuma baiskeli iliyobaki, Grégoire akishika mbavu zake, mzee mbele na chombo kifuani. Nilikuwa namchukia kaka yangu, na nilikuwa nashukuru Mungu kwamba anapumua, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinanipiga kwa zamu.

Tulishuka hadi kijito ambako kilima chao kinaishia. Hapo mwenyeji humwacha mgeni. Nzabonimpa akasimama, akafungua kifuniko cha ukindu. Grégoire akaanguka magotini kwenye mawe.

"Muzee, ni mie. Ni mie nilimwaga."

"Najua."

"Niliogopa. Mama yetu alituambia..."

"Najua. Bibi yangu alinisemea na macho, kabla bafike."

Mzee akainua chombo, akaonja kwanza. Akameza. Kisha akakishika kwa viganja viwili, kwa nje, vidole vyote kumi vimenyooshwa mbali na ukingo ili vionekane, akakinyoosha kwa kaka yangu.

"Bibi yangu alisema mulikunywa bote mbili," alisema. "Leo ninamuzika. Sitaki nimuzike na uongo."

Grégoire alikunywa. Maziwa yalichanganyika na damu ya mdomo wake na machozi, alikwama mara mbili, akaendelea, hadi chini kabisa. Nzabonimpa alipokea chombo, akatazama ndani, akakigeuza juu chini mbele yetu. Hakikudondosha hata tone.

Akafunga kifuniko, akatuambia njia ya Kiwanja ni ile ya kushoto, akaanza kupanda kurudi nyumbani.